Kwenda Kuzamia na Mwenzi Asiyezamia: Mwongozo wa Siku ya Boti

Kila msimu wa bahari tulivu ukikaribia, maswali yanayonifikia ni yale yale. Mke wangu hajui kuogelea, naweza kuja naye? Mume wangu atakaa wapi mimi nikiwa chini? Atalipa sawa na mimi? Akitapika je? Nimeona niyajibu yote kwa pamoja na kwa utaratibu, ili ukipiga simu kituo cha kuzamia ujue la kuuliza.

Mifano mingi hapa ni ya Unguja, lakini hatua hazibadiliki ukiwa Shimoni, Diani, Mafia au Pemba. Na niliseme mapema lile ninalolishikilia: siku ya kwanza ya boti ipangwe kwa ajili ya yule anayebaki juu. Wewe mzamiaji utapata cha kutazama karibu katika kila mwamba. Mwenzio akianza na siku mbaya, usitarajie kumwona tena kwenye boti, na lawama haitakuwa yake.

Vitu vya kuandaa

- Nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu. Anayevaa hijabu atafute ile ya kuogelea. Kanga za kawaida zikilowa huwa nzito na hunasa miguuni.
- Kanga au kikoi kikavu, taulo, na jaketi jepesi la kukinga upepo. Wengi hulisahau jaketi, wakarudi wanatetemeka.
- Kofia yenye kamba ya kufungia kidevuni, miwani ya jua, mafuta ya kuzuia jua.
- Maji ya kunywa, tangawizi, biskuti kavu.
- Dawa ya kuzuia kulewa bahari (tazama hatua ya 5).
- Mfuko usioingia maji kwa simu na nguo kavu.
- Kitambulisho cha taifa. Kwenye hifadhi nyingi za bahari Kenya na Tanzania raia hulipa kiingilio pungufu kuliko mgeni, lakini usipokuwa na kitambulisho utalipa cha mgeni.
- Fedha taslimu kidogo za kumshukuru baharia.

Hatua ya 1: Muulize anataka nini, kisha umsikilize

Yawezekana anataka kukaa kwenye boti apigwe na upepo. Yawezekana anataka kuelea juu na miwani na mrija, ambako tutakuita snokeli. Yawezekana anataka kujaribu kuzamia. Na yawezekana anataka kubaki ufukweni na kitabu chake, mkutane mchana. Yote ni majibu halali. La mwisho likiwa ndilo, liheshimu: mpangie hoteli Kendwa au Nungwi, ambako mtu anaogelea maji yakijaa au yakipwa. Ufukwe wa mashariki kama Paje au Matemwe maji yakipwa hukimbia mbali, naye atabaki anatazama mchanga na majani ya bahari.

Kosa la kuepuka: kumwambia "twende tu, utakaa kwenye boti." Boti ya wazamiaji inakaa baharini saa tano hadi sita. Mwambie hivyo tangu nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua mahali na msimu kwa kumtazama yeye

Oktoba na Novemba, kisha Februari na Machi kabla masika hayajashika, ndizo nyakati ambazo upepo huwa umelala. Januari kaskazi huweza kuvuma kwa nguvu hasa alasiri. Juni hadi Agosti ni kusi: maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi na pwani ya mashariki ya Unguja hupigwa na mawimbi. Ikiwa lazima iwe miezi hiyo, kaa upande wa magharibi, kwenye miamba ya karibu na Tumbatu au ile iliyo mbele ya Mji Mkongwe.

Kwa Unguja, mahali panapowafaa wote wawili ni Mnemba. Miamba yake ina sehemu za kina kifupi ambako aliye juu anaona samaki wale wale unaowaona wewe, na pomboo hupita mara kwa mara. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi na wageni wa boti hawashuki, kwa hiyo asije na matumaini ya kutembea kwenye ule mchanga mweupe. Kutoka Matemwe ni mwendo mfupi. Kutoka Nungwi ni mrefu zaidi na unazunguka rasi, mahali ambapo wengi huanza kulewa. Ukiweza, anzia Matemwe.

Kwa asiyependa safari ndefu, Mji Mkongwe una faida yake: Bawe iko karibu, maji yamekingwa, na mwenzio anaweza kupelekwa Changuu kuwaona kobe wakubwa wa Shelisheli wewe ukiwa chini. Pemba ni ya wazamiaji hasa, yenye kuta za matumbawe na mikondo, ila Misali ina ufukwe na sehemu nzuri ya snokeli. Upande wa Kenya, Kisite ndiko ningekopendekeza kwanza: boti zinatoka Shimoni, safari zake zimezoea watu wa snokeli, na watu hula mchana Wasini.

Mahali pa kutompeleka ni Leven Bank, kaskazini ya Nungwi. Mkondo ni mkali, maji ni marefu, boti inarukaruka saa zote, na aliye juu haoni chochote isipokuwa buluu.

Angalia na mwezi. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita nne na mikondo huwa na nguvu. Kama tarehe ziko mikononi mwako, chagua siku za maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo.

Hatua ya 3: Piga simu kituoni na uulize maswali haya

Hapa usione haya. Kituo kizuri hujibu bila kusitasita.

*Boti ni ya namna gani?* Dau kubwa la mbao lenye turubai hutoa kivuli na nafasi ya kunyoosha miguu, ila huenda polepole. Boti ya kasi hufika upesi, lakini humpiga mtu matako na mgongo na mara nyingi haina kivuli. Kwa asiyezamia, dau. Mwenye maumivu ya mgongo asipande boti ya kasi. Mjamzito naye asipande, na kuzamia kwake ni marufuku kabisa. Kuhusu snokeli amwulize daktari wake.

*Kuna choo?* Swali hili haliulizwi, na ndilo linaloharibu siku. Boti nyingi za pwani yetu hazina. Mwanamume huenda nyuma ya boti yakaisha; mwanamke mara nyingi huacha kunywa maji tangu asubuhi, na ukosefu wa maji chini ya jua humletea kichwa na kichefuchefu. Kama choo hakuna, uliza ngazi ya kushukia majini ikoje, kwa sababu huko ndiko atakakojisaidia.

*Boti inafungwa kwenye boya au inawafuata wazamiaji?* Swali hili lina uzito kuliko yote. Kwenye mzamo wa kufuata mkondo, boti huondoka ikifuata mapovu yenu, na mtu wa snokeli hawezi kuachwa nyuma. Mwenzio akitaka kuingia majini, boti iwe imefungwa boyani, au kuwe na boti ya pili.

*Nani anakaa na mtu wa snokeli?* Jibu liwe mtu mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo. Ukisikia "nahodha atakuwa anamwangalia", tafuta kituo kingine. Nahodha ana mapovu ya wazamiaji ya kufuatilia.

*Bei yake ni ipi?* Kuna bei ya anayepanda boti tu, bei ya snokeli, na kiingilio cha hifadhi, na kila moja uitajiwe peke yake. Uliza pia kama chakula na vifaa vimo.

Hatua ya 4: Fanyeni mazoezi ufukweni siku moja kabla

Usimwache aonje mrija kwa mara ya kwanza kwenye maji ya mita nane. Nendeni maji ya kiunoni, maji yakiwa yametulia.

Anza na miwani. Aiweke usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua: ikishika yenyewe, inamfaa. Ikianguka, jaribu nyingine. Ukingo wa mpira ulale juu ya ngozi tupu pande zote. Nywele zilizosukwa zikipita chini yake, maji yataingia. Pindo la hijabu vile vile, kwa hiyo lirudishwe nyuma kidogo kwenye paji na mashavuni, miwani ikae, kisha lishushwe juu ya mkanda. Mwenye ndevu nene apake mafuta ya mgando kidogo chini ya pua. Miwani ikiwa mpya, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno ukiwa bado nyumbani, la sivyo itakuwa ukungu mtupu.

Kisha mrija. Asimame, ainame, aweke uso majini na apumue tu. Dakika tano za kutofanya kingine. Watu wengi huona kifua kinabana mwanzoni. Hupita wakipumua taratibu na kutoa pumzi yote. Halafu ajifunze kupuliza kwa nguvu maji yakiingia mrijani. Mapezi ya miguuni yaje mwisho.

Asiyejua kuogelea anaweza kufanya snokeli vizuri, maadamu ana kitu cha kumfanya aelee na mtu wa kumshika. Jaketi nene la kuokolea maisha humsukuma kichwa nyuma, akashindwa kutazama chini. Omba jaketi jembamba la snokeli linalojazwa upepo, au boya la duara ambalo kiongozi hulivuta yeye akiwa amelishika. Kwenye boti inapotembea, hata hivyo, avae lile nene.

Na kuhusu kujaribu kuzamia: hilo hupangwa kituoni mapema, kwa fomu ya afya, mazoezi kwenye maji mafupi, na mwalimu wake mwenyewe, kina hakizidi mita 12. Haliamuliwi katikati ya bahari kwa sababu mtungi mmoja umebaki. Wala usimpe wewe mtungi wako "aonje" mita mbili. Hewa ya mtungini hupanuka mtu anapopanda, na akibana pumzi akiwa na woga mapafu yanaweza kuumia hata kwenye kina hicho kidogo. Cheti chako cha kuzamia si cha kufundishia.

Hatua ya 5: Litunze tumbo tangu usiku

Chakula cha usiku kiwe chepesi. Asubuhi ale, lakini kitu chepesi: mkate, ndizi, uji mwepesi. Tumbo tupu hulewa haraka kama tumbo lililojaa mafuta, kwa hiyo sambusa na chai ya maziwa zisubiri kurudi.

Dawa za kulewa bahari zenye sinarizini au dimenhidrineti hupatikana katika maduka mengi ya dawa. Zimezwe saa moja hadi mbili kabla ya boti kuondoka, maana akishaanza kutapika kidonge hakikai. Zinaleta usingizi, na baadhi ya watu haziwafai, hasa wajawazito na wanaotumia dawa nyingine; mwulize mfamasia ukimtajia hali yake. Tangawizi mbichi ya kutafuna huwasaidia wengine, na kwa wengi haina hasara.

Hatua ya 6: Mkalishe mahali panapofaa

Omo, yaani mbele ya boti, hurushwa na kila wimbi. Tezi, yaani nyuma, ni tulivu, lakini ndiko iliko mashine, na moshi wa dizeli humlewesha mtu hata bahari ikiwa shwari. Mahali pake ni katikati ya boti, chini, akitazama mbele. Macho yawe kwenye upeo wa bahari au kwenye nchi kavu. Simu ikae mfukoni. Hakuna kinachowaangusha watu upesi kama kutazama picha boti ikiyumba.

Mpake mafuta ya jua kabla ya kupanda, nyuma ya magoti na shingo pia. Mtu wa snokeli huunguzwa mgongo bila kuhisi kwa kuwa maji yanampoza, na weusi wa ngozi haumkingi kikamilifu.

Mtambulishe kwa nahodha na mabaharia kwa jina. Jambo dogo, lakini ukishazama hao ndio jamaa zake.

Hatua ya 7: Kabla hujaruka, mpe saa na ishara

Wasiwasi wa anayebaki juu unatokana na kutojua. Mwambie hivi: "Tunazama saa nne kasorobo. Tutakuwa chini kama dakika hamsini. Mkiona mapovu yamesimama mahali pamoja karibu na mwisho, tumesimama mita tano kwa dakika tatu kupumzisha mwili, ni kawaida. Utaona mpira mrefu wa rangi ya chungwa ukiibuka kabla yetu." Mwambie pia kwamba mapovu yanaweza kupotea machoni mawimbi yakiwepo, na kwamba mzamiaji mmoja akimaliza hewa mapema kundi linaweza kuibuka kabla ya wakati.

Mfundishe ishara mbili. Mikono miwili ikifanya duara juu ya kichwa, au mkono mmoja ukigusa utosi: niko salama. Mkono ukipungwa hewani: naomba msaada. Naye majini asipunge mkono kukusalimia au kupigwa picha, maana baharia atajirusha kumfuata.

Hatua ya 8: Wewe ukiwa chini

Aingie majini baada ya wazamiaji kuondoka, boti ikiwa imezimwa mashine na kiongozi wake ameshatangulia. Ashuke kwa ngazi, ashike boya, aweke uso majini, apumue, ndipo waanze kusogea. Dakika ishirini hadi thelathini kwa mara ya kwanza zinatosha. Mnemba huwa na boti nyingi, kwa hiyo asimwache kiongozi zaidi ya urefu wa mkono. Asisimame juu ya matumbawe hata akichoka: yanakufa, na nyayo zitakatika. Akichoka alale chali. Wakati wa kupanda, avue mapezi kwanza akiwa ameshika ngazi, ayakabidhi, ndipo akanyage.

Asipotaka kuingia majini, mabaharia wengi wa kwetu ni wavuvi au wana wa wavuvi. Akiwauliza samaki gani anapatikana mwamba upi na pepo gani, saa moja itapita bila yeye kujua.

Hatua ya 9: Mapumziko kati ya mizamo miwili ni yake

Mnakaa juu kama saa moja kabla ya mzamo wa pili. Ni saa ya chai, maandazi na matunda, na ndiyo saa ambayo wazamiaji hukusanyika kuhadithiana kasa waliyemwona, mwenzio akabaki pembeni ameshika kikombe. Usifanye hivyo. Muulize kwanza yeye ameona nini. Kama kuna nafasi, ingia naye majini mwelee juu pamoja. Kuelea hakukudhuru, ila usipige mbizi za kushuka chini kwa pumzi moja baina ya mizamo.

Akiwa amechoka sana au bahari imechafuka, acha mzamo wa pili ukae naye juu.

Hatua ya 10: Siku ya mwisho usizamie

Baada ya siku za kuzamia unatakiwa kungoja saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege. Siku hiyo mpe yeye. Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe, ni hifadhi ya matumbawe inayoruhusu wageni snokeli tu, bila mitungi, kwa hiyo mtatazama mwamba ule ule kutoka juu pamoja. Mkiwa Mafia kati ya Oktoba na Machi, panda naye boti ya papa potwe kutoka Kilindoni: samaki huyo mkubwa kuliko wote duniani hutazamwa kwa miwani na mrija.

Mambo yakienda kombo

*Ameanza kulewa bahari.* Mpeleke pembeni upande wa demani (upepo unakoelekea), upepo ukimtoka mgongoni, umshike nguo kwa nyuma. Asifungiwe ndani wala asilazwe karibu na mashine. Anywe maji funda ndogo ndogo. Boti ikisimama, kuingia majini kwa boya huwatuliza wengi, kwa kuwa kuyumba kunapungua.

*Anataka kurudi pwani na watu wako chini.* Boti haiwezi kuwaacha wazamiaji. Mwambie hivyo kabla ya safari, na uliza kituo kama kuna boti nyingine ya jirani inayoweza kumchukua mkishaibuka.

*Amepata woga majini.* Kiongozi amgeuze chali, amtoe mrija mdomoni, amrudishe boti taratibu. Akishapanda, asishawishiwe kurudi siku hiyo isipokuwa mwenyewe ameomba.

*Miwani inaingiza maji kila wakati.* Angalia nywele kwanza, kisha mkanda. Wengi hukaza mkanda kupita kiasi na ukingo ukapinda, ulegeze.

*Amechomwa na yavuyavu.* Suuza kwa maji ya bahari, si maji ya kunywa, na usisugue. Akivimba uso au kupumua kwa shida, mzamo umekwisha, mnarudi kutafuta hospitali.

*Amekanyaga wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu.* Toa miiba inayotokeza, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia. Iliyozama ndani na kwenye viungo aione mganga wa hospitali.

*Muda uliotajwa umepita na wazamiaji hawajaibuka.* Amwulize nahodha, si mgeni mwenziwe. Dakika kumi za kuchelewa si ajabu, na huenda mkondo umewasogeza mkaibuka mbali na boti. Nahodha huanza kutafuta upande mkondo unakokwenda. Mwenzio apande mahali pa juu salama, atazame upande huo, atafute ule mpira wa rangi ya chungwa, na akiuona aunyooshee kidole bila kuondoa macho mpaka boti ielekezwe huko.